Namba Tisa Aliitika

Mama yake Shekwolo alikuja saa moja asubuhi, kama alivyokuja Jumapili, Jumatatu na Jumanne, kapu begani kwa desturi ya Wagbagyi, vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, limempaka nyusi nyeupe. Alitua kapu juu ya kaunta ya kituo cha polisi, akatoa bakuli la masa, vitumbua vya mchele, akalisukuma mbele ya Koplo Bitrus. Inspekta Ohunene Salihu alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo. Mama hakumtazama. Alikuwa amemtazama mara moja, Jumapili, pale Inspekta alipomsimamisha mwanawe ukutani mbele ya waandishi wa habari, kamshikisha baiskeli ya mtu, akatangaza, "Huyu ndiye." Tangu siku hiyo macho ya mama yalimpita Inspekta kama mtu anayekwepa shimo njiani.

"Kesho mnampeleka mahakamani saa ngapi?" mama alimuuliza Koplo.

"Saa tatu, Mama."

"Nimletee shati?"

Koplo akamgeukia Inspekta. Inspekta akainamia daftari la matukio, ambalo halikuwa na jipya lolote.

"Mletee, Mama," alisema Koplo. "Jeupe likiwepo."

Alipoondoka, Inspekta alivuta kiti. Faili lilitakiwa kusainiwa kabla ya jioni, na kesi yenyewe ilikuwa fupi, mtoto angeweza kuisimulia. Jumamosi, watu kumi na wanne wa klabu ya baiskeli iitwayo Harmatani walifuata reli ya jiji, kituo kwa kituo, kutoka Metro katikati ya Abuja hadi Gbazango, kama wafanyavyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kila kituo walisimama wakahesabiana kwa sauti, kila mtu na namba yake. Namba tisa alikuwa Mzee Adakole Ejeh, mpima ardhi mstaafu wa miaka sitini na mitatu. Idu, saa tatu kamili, tisa aliitika. Gwagwa, saa tatu na dakika arobaini, tisa aliitika. Deidei wakafika nane, kisha kimya.

Saa tano na dakika ishirini, fundi pancha aitwaye Shekwolo aliingia hospitali akimkokota Mzee Adakole juu ya baiskeli ya mzee mwenyewe. Mzee hana fahamu, kichwa kimepasuka, na simu yake imo mfukoni mwa fundi. Fundi alisema amemkuta mtaroni karibu na kibanda chake, kati ya Wupa na Idu, saa tatu kasorobo. Lakini robo saa baadaye mzee huyohuyo aliitika Idu! Mtu hawezi kulala mtaroni huku na kuitika kule. Watu kumi na watatu waliandika kwamba walimsikia. Fundi mmoja alisema sivyo. Inspekta alichukua neno la kumi na watatu.

"Soma vielelezo, tufunge," alisema.

Koplo akajikohoza. "Baiskeli moja, ringi la mbele limepinda. Afande, hiyo nayo ni kitendawili: ana miguu miwili, hasimami asiposhikwa."

"Jibu unalo mkononi, hicho si kitendawili. Endelea."

"Simu moja, kioo kimepasuka. Miwani, jicho moja. Kitambaa cha kuzibia pua. Mbegu za tende, nne."

"Mbegu za nini?"

"Za tende, Afande. Zilikuwa mfuko wa nyuma wa jezi. Nilitaka kuzitupa, nikasema hapana, mali ya mtu."

Inspekta alizimwaga mezani. Nne, zimenyonywa vizuri, kavu. "Barabara nzima ni vumbi na takataka, naye anaogopa kutupa mbegu?"

"Labda mama yake alimlea vizuri."

"Kitendawili," alisema Inspekta.

"Tega."

"Nyama nimekula, mfupa nimeulaza mfukoni."

Koplo alikuna kidevu. "Nimeshindwa, Afande."

"Nipe mji."

"Chukua Lokoja."

"Lokoja nimezaliwa karibu nako, unanipa changu mwenyewe? Nipe mwingine."

"Basi chukua Makurdi."

"Nimekwenda Makurdi, nimekula samaki wa mtoni, nimerudi, na jibu sina." Alizikusanya mbegu kwenye karatasi. "Fungua mahabusu."

Shekwolo alikuwa akila masa uso umeelekea ukutani. Alikuwa mtu mnene wa mikono, wa miaka kama thelathini na mitano, vidole vyeusi kwa mpira. Hakugeuka.

"Shekwolo."

"Nimeshasema."

"Sema tena."

"Nilisema mara ya kwanza, ukaniambia mwongo. Nilisema mara ya pili, ukanianika kwenye televisheni. Ya tatu unataka nini, nicheze?"

Koplo akaangalia viatu vyake.

"Sitakuuliza habari ya simu," alisema Inspekta. "Ulipomkuta, mikono yako ilianza wapi?"

Fundi alitafuna, akameza, akafikiri. "Mdomoni."

"Kwa nini mdomoni?"

"Alikuwa anakoroma vibaya, kama mtu anayekabwa. Nikaingiza kidole. Nikatoa mbegu."

"Mbegu gani?"

"Ya tende. Ilikuwa bado na nyama kidogo."

"Hili hukulisema."

"Wewe hukuuliza. Uliniuliza simu nimeitoa wapi. Nikasema ilikuwa inalia, nikaitia mfukoni nimpigie mtu wake, kioo kikakataa. Ukasema hiyo hadithi ya wezi wote."

"Mbegu uliiweka wapi?"

Hapo ndipo Shekwolo alipogeuka, akamtazama kama anayemwonea huruma. "Mama Inspekta, mtu ana damu hadi kwenye kola, mimi nahifadhi mbegu? Nilitupa palepale, ukingoni."

"Kutoka saa tatu kasorobo hadi saa tano na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

"Nilisimama njiani nikipunga mkono. Magari matatu yalipunguza mwendo, yakaona damu, yakaenda. Nikamlaza juu ya baiskeli, gurudumu la mbele limejipinda, linakataa kuzunguka. Zahanati ya kwanza imefungwa. Nikasukuma." Akarudi ukutani. "Ningemwacha, saa hizi ningekuwa kwangu."

Kutoka kituoni hadi kibanda cha Shekwolo ni kilomita mbili na nusu. Tangu Jumamosi hakuna polisi aliyekanyaga hapo. Walikuwa wamepekua kila kichaka kati ya Gwagwa na Deidei, kwa sababu ndiko sauti ya namba tisa ilikopotelea. Inspekta aliendesha mwenyewe.

Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa waya. Mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa mkaa, herufi kubwa, MWIZI. Koplo alichukua kitambaa akaanza kusugua. Mkaa ukasambaa, neno likazidi kunenepa.

"Acha," alisema Inspekta. "Tafuta mtaro."

Mtaro ulikuwa hatua arobaini mbele, upande wa reli. Ulifunikwa kwa mifuniko ya zege, mmoja baada ya mwingine, na mmoja haukuwepo. Palibaki pengo la upana wa meza. Kwa vumbi la wiki ile hata Koplo, aliyekuwa akitafuta pengo hilohilo, nusura atumbukie. Kwenye makali ya zege kulikuwa na mkwaruzo wa rangi ya buluu, buluu ya ringi lililokuwa stoo ya vielelezo. Chini yake zege lilikuwa na doa kavu la kahawia.

Inspekta alipiga magoti. Alitafuta kwa vidole, inchi kwa inchi, kama mwanamke anayechambua mchele usiku wa kuamkia harusi. Wadudu walimwonyesha. Msururu wa sisimizi ulikuwa ukipanda kwenye kitu kidogo chini ya jani, ukishuka, ukipanda.

"Kuna mtende hapa karibu, Koplo?"

"Hapa? Hata mwembe hakuna."

Aliifunga mbegu ile kwenye karatasi yake peke yake. Alipoinuka, magoti ya suruali yake yalikuwa meupe, na hakuyapangusa.

Kapteni wa klabu, Obiajulu Nwankire, mfamasia mrefu mwenye shingo ya korongo, alikuwa kwenye ghala lao karibu na kituo cha Stadium akipaka mnyororo mafuta. Alisimama haraka.

"Inspekta! Kuna habari za mzee?"

"Daktari anasema ataishi. Kusema bado. Kapteni, mnafanya nini na mbegu za tende?"

Kapteni alicheka, akashangaa mwenyewe kwamba amecheka. "Ah, hizo! Ni desturi yetu. Kila kituo, ukishahesabiwa, mfuko wa tende unapitishwa, unachukua moja. Mbegu hutupi, unaiweka mfuko wa nyuma. Tukifika Gbazango kila mtu anamwaga zake mezani. Vituo kumi, mbegu kumi. Asiyetimiza anawanunulia wenzake kinywaji, kunu."

"Makurdi yangu nimerudishiwa," Koplo alinong'ona.

"Unaitika kwanza, au unachukua tende kwanza?"

"Unaitika. Asiyeitika hachukui."

"Nihesabie vituo."

"Metro, moja. Stadium, mbili. Kukwaba ya kwanza, tatu. Kukwaba ya pili, nne. Wupa, tano. Idu, sita. Gwagwa, saba."

"Mtu akipotea baada ya Gwagwa, ana mbegu ngapi?"

"Saba."

Inspekta alifungua karatasi ya kwanza juu ya tandiko la baiskeli. Nne. Akafungua ya pili. Moja. "Nne alikuwa nazo mfukoni. Hii fundi pancha aliitoa mdomoni mwake. Aliitupa, nikaiokota leo. Yeye hajui kabisa desturi yenu. Hata angetaka kutunga uongo, asingejua atunge mbegu."

Kapteni alihesabu kwa macho, kisha kwa kidole, kisha midomo ikaanza kumcheza. "Hii ni Wupa. Alikuwa bado anamumunya ya Wupa."

"Ndiyo."

"Lakini Idu aliitika. Tulimsikia!"

"Mlisikia namba. Mlimwona?"

"Inspekta, Jumamosi ile vumbi lilikuwa kama uji. Wote tumefunga vitambaa hadi machoni. Mtu wa tano kutoka kwako humwoni."

"Sasa nani aliitika?"

Kapteni akarudi kwenye mnyororo wake. Aliupaka mafuta mahali alipokwisha kupaka.

"Kapteni, kuna mtu mahabusu anakula chakula cha mama yake akiwa ameupa mgongo mlango."

"Kuna kitu," alisema Kapteni, kichwa chini, "tunakiita kwenda kwa shangazi."

"Shangazi yupi?"

"Treni. Mtu akichoka, anapandisha baiskeli kwenye treni vituo viwili vitatu, anatungoja mbele, anajichomeka kama hakuna kilichotokea. Rafiki yake anamwitikia. Na kumpokelea tende, ili mwisho wa safari mbegu zitimie. Ile tende rafiki haruhusiwi kuila. Akiila, mbegu inakuwa ya nani?"

"Mna kanuni hata za udanganyifu."

"Si kanuni. Ni... mazoea."

"Nani anajua?"

"Wote. Hakuna anayesema."

"Wewe umewahi kwenda kwa shangazi?"

"Mara moja."

Inspekta alikunja mikono. Alimtazama tu, na Koplo naye akamtazama, na baiskeli zote ukutani zilikuwa kama zinamtazama.

"Mara nne," alisema Kapteni.

"Watu kumi na watatu mmeapa kwamba mzee alikuwepo Gwagwa. Na kila mmoja wenu alijua kwamba 'tisa' inaweza kutoka kinywa chochote."

"Tungesema, jiji zima lingetucheka. Klabu ya baiskeli inayopanda treni! Halafu tukawaona ninyi kwenye televisheni. Mlikuwa na uhakika. Tukasema, basi, polisi wamechunguza."

"Na sisi tulisema, basi, watu kumi na watatu wamesikia."

 Nje treni ilipita ikielekea Kukwaba, madirisha yakalia.

"Rafiki yake mzee ni nani? Namba nane?" aliuliza Inspekta.

"Ndiye. Huwa hawaachani. Lakini Idu nane alikuwa na mimi mbele kabisa, mnyororo wake umetoka, namshikia tochi. Alisema 'nane' karibu na sikio langu."

"Na 'tisa' ilitoka upande gani?"

"Nyuma."

"Nyuma huwa yupo nani?"

"Mkia. Yule wa mwisho, anayehakikisha hakuna aliyeachwa." Kapteni aliinua uso ghafla. "Hapana, Inspekta. Mkia ni Bi Iveren. Mwalimu mkuu mstaafu! Yeye ndiye aliyetuandikia kanuni ya kwanza: Hatumwachi mtu. Imechapwa mgongoni mwa jezi zetu."

"Na ndiye wa kwanza kuandika maelezo," alisema Inspekta. "Ukurasa mzima, mwandiko mzuri, hakuna kosa hata moja."

Bi Iveren Tsegba alikuwa ameketi barazani kwake, amejifunga kitambaa cha kabila la Wativ, cha mistari myeusi na myeupe, mgongo umenyooka kama rula. Alikuwa na miaka sitini na sita. Viatu vyake vya kutokea vilikuwa mlangoni, pembeni kabisa ya kizingiti, ncha zimeelekea nje.

"Karibu, binti yangu. Umechelewa."

"Tulikuwa na miadi, Mwalimu?"

"Nimekungoja tangu Jumapili."

Inspekta aliketi. Koplo alibaki amesimama, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Naomba jezi uliyovaa Jumamosi."

"Haijafuliwa."

"Afadhali."

Bi Iveren aliingia ndani. Alikawia kidogo, si sana. Alitoka na jezi imekunjwa vizuri, mgongo juu, na yale maneno yakiwa yanasomeka: HATUMWACHI MTU. Inspekta hakuipokea. Alisogeza kigoda katikati yao.

"Mfuko wa nyuma. Toa mwenyewe, tafadhali."

Mkono wa mwalimu uliingia, ukatoka. Mbegu zikamwagika juu ya kigoda. Inspekta akazisogeza moja moja kwa kalamu, akihesabu kwa sauti ili Koplo aandike. Metro, Stadium, Kukwaba, Kukwaba, Wupa, Idu, Gwagwa. Saba.

"Zako zimetimia. Mfuko umekwisha?"

"Bado."

Ukatoka mkono mara ya pili. Mwalimu akaweka tende mbili nzima, zimekauka, zimejikunja kama sikio la mzee. Akaziweka mbali na zile mbegu, peke yake.

"Mbona hizi hukuzila, Mwalimu?"

"Si zangu."

Kalamu ya Koplo ilisimama. Mbuzi wa jirani alilia, akanyamaza.

"Ni za nani?"

"Za Adakole. Ya Idu na ya Gwagwa." Sauti yake ilikuwa ileile ya mwalimu, kila neno lina mwisho wake, ila mikono alikuwa ameikalia. "Goti lake limekufa tangu mvua za mwaka jana. Miezi miwili hii amekuwa akienda kwa shangazi kutoka Wupa, na mimi namwitikia. Vijana walianza kushuku. Mwezi uliopita walimwita Abiria. Alicheka nao, lakini mimi nilimwona anavyocheka."

"Jumamosi?"

"Wupa aliniambia, 'Mwalimu, goti limekataa, nenda.' Nikamwambia, 'Panda, nitakuitikia, tukutane Deidei.' Nikaondoka."

"Ulimwona akipanda treni?"

"Kanuni inasema mkia hauondoki mpaka mtu wa mwisho awe salama mbele ya macho yake." Akatazama viatu vyake pale mlangoni. "Nilitazama saa. Wenzangu walikuwa wameshanitangulia. Niliondoka."

"Basi hakupanda."

"Aliona aibu, nadhani. Alitaka kutufikia. Kwenye lile vumbi, peke yake, akikanyaga kwa mguu mmoja."

Inspekta aliziangalia zile tende mbili. "Deidei hukuitika."

"Deidei nilimtafuta kwa macho nikamkosa. Namba nane akaitika, zamu ya tisa ikafika, nami sikuweza kuitika. Wakaanza kukimbia huku na huku wakimwita, kurudi Gwagwa. Nikakimbia nao. Niliita jina lake kwa sauti kuliko wote, binti yangu, nikijua ninaita mahali asipopita."

"Ungesema neno moja tungemtafuta Wupa."

"Ndiyo."

"Na fundi pancha?"

Hapo mgongo wa mwalimu, uliokuwa umenyooka tangu mwanzo, ulipinda. Haukupinda sana, kama ufito mbichi uliowekewa mzigo mdogo.

"Jumapili niliwasha televisheni nikamwona ameshikishwa ile baiskeli. Nikavaa viatu nije kwako. Nikafika kizingitini. Nikavivua. Jumatatu nikavivaa. Jumanne nikavivaa hadi getini. Miaka thelathini na moja niliita majina shuleni. Mtoto akimwitikia mwenzake nilimchapa mimi mwenyewe, simpi mwalimu mwingine, viboko vitatu. Nilikuwa nikiwaambia: siku moja mwenzako atakuwa amelala njiani, na sisi tumeandika yupo." Alijifuta pua kwa ncha ya kitambaa. "Wamekua sasa, wana watoto wao. Wakinikuta sokoni wanapiga magoti kunisalimu."

Inspekta alizitia tende kwenye bahasha, akaandika juu yake, akampa mwalimu asaini. Mwandiko ulikuwa mzuri vilevile.

"Vaa viatu, Mwalimu," alisema.

Mkubwa wa Inspekta alizungumza naye kwa simu kwa dakika mbili, na maneno yake yalikuwa machache: mtoeni, kwa mlango wa nyuma, kimya kimya, mambo yaishe. Inspekta alisema amesikia. Hakusema atafanya.

Alifungua mahabusu kwa mkono wake. "Shekwolo, uko huru. Ulisema kweli toka mwanzo."

Fundi hakuinuka. "Mlango upi?"

"Ule unaoutaka."

"Niliingizwa mbele. Nikasimamishwa ukutani, watu wakipiga picha, mama yangu yuko nyuma yao anaruka aone." Aliutazama ukuta wa mahabusu. "Natoka nyuma kama nani? Wanasema wameniachia. Hawasemi sikufanya."

"Nimeshawapigia waandishi," alisema Inspekta.

Jumapili walikuja tisa, kamera begani. Safari hii alikuja mmoja, binti mwembamba mwenye simu tu, naye alikuwa akitazama saa. Inspekta Ohunene aliitoa baiskeli stoo ya vielelezo. Koplo alitaka kumsaidia, akakataa. Aliisukuma, ringi likikwaruza sakafu, hadi kwenye ukuta uleule, akasimama palepale Shekwolo aliposimama, akaishika kama alivyomshikisha yeye. Bi Iveren akasimama kando yake bila kuambiwa, mikono mbele.

"Jina lako?" aliuliza yule binti akiinua simu.

"Inspekta Ohunene Salihu. Jumapili hapa nilisema mtu huyu amempiga Mzee Adakole Ejeh. Si kweli. Mzee alianguka mtaroni, na huyu ndiye aliyemtoa, akamsukuma kwa saa mbili na zaidi magari yakimpita. Alinieleza ilivyokuwa. Sikwenda kutazama. Pana kilomita mbili na nusu, na sikwenda kutazama."

"Na huyu bibi?"

"Atasema mwenyewe."

Bi Iveren alisema. Alisema kwa kifupi, akitaja namba, vituo na saa, na alipofika kwenye neno "niliitika" akalirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza halikutoka. Kisha akamgeukia Shekwolo akapiga magoti chini, pale kwenye zege, yeye ambaye watu wazima humpigia magoti sokoni. Shekwolo aliangalia pembeni. Hakumwambia inuka. Baada ya muda hakuweza kustahimili, akamshika kiwiko, akamwinua, bado anaangalia pembeni.

Mama yake alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja na shati la mahakamani, jeupe, limepigwa pasi, na alikuwa amesikia yote. Hakulia. Alimvisha mwanawe shati juu ya lile alilolala nalo siku nne, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama anampeleka kipaimara. Kisha akalifungua kapu. Akampa mwanawe masa mbili. Akampa Koplo Bitrus moja, kwa kuwa alimjibu kila asubuhi. Akasimama mbele ya Bi Iveren, akamtazama sana, akamwekea moja kiganjani.

Inspekta alikuwa wa mwisho katika mstari. Kapu lilikuwa bado na masa; mvuke wake ulionekana. Mama alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akajaribu kuinua macho. Yakafika kifuani, kwenye vifungo vya sare, yakagota hapo.

"Wewe nitakuletea," alisema mama, "siku nitakapoweza kukutazama."

Akafunika kapu, akalipandisha begani, akatoka na mwanawe kwa mlango wa mbele. Yule binti mwenye simu aliwafuata nje.

"Afande," alisema Koplo, masa yake bado haijaumwa, "nipe baiskeli nikairudishe stoo."

"Iache kwanza."

Alibaki ameishika ukutani, mikono miwili. Kitendawili cha Koplo kilikuwa kweli tupu: ukiiachia inaanguka.